Nyumba Iliyofungwa Ina Mwenyewe

Na Zuhura Ngwele

Japani ilihesabu nyumba tupu zipatazo milioni 9 mwaka 2023. Vijijini kwao vijana wamehamia mijini, wazee wamefariki, na mgeni akitaka kununua nyumba pamoja na kiwanja chake sheria haimzuii, hata kama haishi huko. Msomaji mmoja ananiuliza: mbona nasi tusiwauzie wageni nyumba zilizofungwa Kibiti na kule delta ya Rufiji?

Tusiwauzie. Delta, nyumba kufungwa si kutelekezwa. Msimu wa mpunga ukifika mama anapakia sufuria na mikeka kwenye mtumbwi, ufunguo anamwachia jirani, anahamia dunguni kuamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka avune. Nyingine zilifungwa kwa machungu: wapo waliohama kwa hofu wakati wa mauaji ya Kibiti ya 2016 na 2017, wapo waliotolewa na maji ya Aprili 2024. Hata wazee wao, walipohamishiwa vijiji vya mwinuko na Operesheni Rufiji baada ya mafuriko ya 1968, mashamba ya bondeni waliendelea kuyalima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi ikae bila kutumiwa miaka isiyopungua 5 ndipo ihesabiwe kuwa imetelekezwa, na shamba lililopumzishwa halimo. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, tena ile ya kijiji sharti kwanza ihaulishwe iwe ardhi ya jumla. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu mwekezaji akishindwa, ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe.

Delta iliponea chupuchupu. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kufuga kamba wa African Fishing Company, wa karibu hekta 10,000, ingawa Baraza la Mazingira, NEMC, lilishauri vingine. Wanavijiji wakaenda Mahakama Kuu, na mradi haukutekelezwa. Nawaheshimu sana watu wale. Bila wao, leo tungekuwa tunajadili mikoko iliyokwisha kukatwa.

Kampuni kubwa kama ile huonekana ikija. Mnunuzi wa nyumba moja haonekani. Mgeni anatoa fedha, Mtanzania anatoa jina, mtendaji anagonga muhuri kwenye muhtasari wa kikao ambacho wanakijiji hawakuitwa. Mwenye nyumba anarudi na magunia yake ya mpunga, anakuta uzio.

Kwa hiyo wenyeviti wa vijiji vya Kibiti waanze na wasiokuwepo. Hati za hakimiliki ya kimila ziandikwe mapema, kwa majina ya mume na mke. Na nyumba ambayo mwenyewe hayupo isiuzwe mpaka jambo lenyewe lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tena uitishwe baada ya mavuno, watu wakiwa wamerudi kutoka dunguni.