Giaboksi Mpya Ndani ya Morris ya Zamani

RAI YA JUMA
Na Salim Mwinyihaji

Wako watu wenye mapenzi ya dhati kwa motokaa za zamani ambao huamini kwamba chombo kilichotoka kiwandani na giaboksi yake hakistahiki kutiwa nyingine, na kwamba fundi anayeifungua Morris Minor akaitia giaboksi ya Ford Sierra huwa ameidhulumu asili yake. Rai hiyo naiheshimu, maadamu imetokana na staha. Lakini siafikiani nayo.

Morris Minor, kazi ya Alec Issigonis, ilidhihirishwa London mwaka 1948, na hata ilipoachwa kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuenea pembe nyingi za dunia, pwani yetu ikiwamo. Giaboksi yake ina gia 4 za mbele. Gia ya pili, ya tatu na ya nne zina pete za shaba ambazo, kabla meno hayajaumana, husuguana na gia inayotakiwa hata zikawa na mwendo mmoja, nayo ikaingia bila ya ukelele. Gia ya kwanza haikupewa pete hiyo, na kwa hivyo dereva anayetaka kuirudia ilhali gari lingali likitambaa hana budi kukanyaga klachi mara mbili, na baina ya mara hizo kupandisha mzunguko wa injini, au asimame kabisa. Hiyo ni adabu ya udereva, na mwenye mapenzi hujifunza. Dhiki yenyewe hasa imo katika gia ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho: gari lenye injini ya sentimita za ujazo 1,098 likikaribia kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka mara 4,000 hivi kwa dakika, na ikidumu hivyo katika barabara kuu za Uingereza za leo, abiria hawasikizani na vyuma huchakaa kabla ya wakati wake.

Giaboksi ya Sierra, ile ijulikanayo kwa jina la Type 9, ina gia ya tano ambayo kipimo chake ni 0.82, maana yake mwendo ule ule hupatikana kwa mizunguko 3,300 hivi. Fauka ya hayo, gia zake zote za mbele zina pete. Kwa insafu niseme pia kasoro yake: baina ya gia ya kwanza, yenye kipimo cha 3.65, na ya pili, yenye 1.97, pana pengo kubwa, na injini ndogo ikipanda mlima huliona pengo hilo kila inapobadilishiwa gia. Mwenye gari ajue hayo kabla hajatoa fedha yake.

Kazi yenyewe yataka ustadi. Ganda la klachi hubadilishwa ili injini ya Morris iweze kuungana na giaboksi ya Ford. Sahani ya klachi huchaguliwa yenye meno yanayoafikiana na mhimili mpya. Propela shafti hukatwa na kusawazishwa upya, kwani giaboksi hii ni ndefu zaidi. Na saa ya mwendo hurekebishwa isije ikamdanganya dereva. Hapo ndipo mafundi wanapokhitilafiana, kwa kuwa wengine hushika msumeno wakaukata mwamba wa chuma ulio chini ya sakafu, nami hao siwaungi mkono hata kidogo. Kifuniko cha giaboksi cha Morris kimefungwa kwa skurubu, chafunguka na kurudishwa. Kwa nini basi kukata bodi ambayo haina badali? Bora kutafuta ganda na vishikizo vilivyoundwa kukaa mahali palepale pa zamani, ijapokuwa bei yake imezidi, na giaboksi ya asili itiwe mafuta, izibwe matundu yake, iwekwe pakavu pamoja na propela shafti yake, iwe amana kwa atakayelimiliki gari baadaye.

Limebaki jambo moja ambalo aghlabu husahauliwa. Morris Minor ina breki za ngoma katika magurudumu yote 4, zilizopimwa kwa mwendo wa zama zake, na gia ya tano humtamanisha dereva kwenda kasi bila ya kuhisi. Asiyekuwa na fedha ya kutosha kazi zote mbili, aanze na breki, giaboksi ingoje mwaka mwingine.