Nani mchawi: mwenye kamba au mwenye ulimi?

Watoto wetu huanza chuoni kwa sura fupi fupi, na miongoni mwa hizo ni Suratul Falaq, ambayo ndani yake twajilinda kwa Mola na shari ya wenye kupuliza mafundoni. Basi nilishtuka nilipokutana na mafundo kama hayo katika habari za Vardø, kisiwa cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Norway, ambako katika majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi.

Nazungumzia riwaya iitwayo The Mercies, iliyotungwa na Mwingereza Kiran Millwood Hargrave na kutolewa mwaka 2020. Kisa chake kimejengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli. Mkesha wa Krismasi mwaka 1617 tufani ilizuka ghafla, ikawazamisha wanaume arobaini waliokuwa wametoka kuvua. Katika riwaya, msichana Maren anampoteza baba yake, kaka yake na mchumba wake kwa siku moja. Kijiji kinabakia na wajane, watoto na wazee.

Njaa inapobisha hodi, mwanamke mmoja, Kirsten, anawaambia wenzake: mashua zipo, nyavu zipo, twendeni wenyewe. Wengine wanakunja nyuso, kwani bahari ni ya wanaume. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja. Kwetu pia mwanamke huachiwa mwamba maji yakitoka, atafute pweza na chaza. Bahari kuu ni ya mume. Wajane wale wakaingia, wakavua, wakala. Hapakuwa na mtu aliyewashukuru.

Mwaka ule ule wa 1617, Mfalme Christian wa Nne wa Denmark, aliyetawala pia Norway, alikuwa ametoa sheria kali dhidi ya uchawi. Mwaka 1619 akaja liwali mpya, Mskoti John Cunningham. Riwaya inamleta na Mskoti mwingine wa kubuni, Absalom Cornet, msaka wachawi, pamoja na mkewe Ursula. Kufikia mwaka 1621 moto ulikuwa umewaka. Wanawake walitupwa baharini kujaribiwa: aliyeelea alihesabiwa mchawi. Chini ya mateso wakakiri kwamba walifunga mafundo katika kamba ya kuvulia, wakatema mate, wakayafungua, na bahari ikachafuka. Katika jimbo hilo la Finnmark, mnamo karne ile, waliuawa watu 91, wengi wao wanawake. Tangu mwaka 2011 kuna jengo la kumbukumbu pale Vardø, lenye madirisha 91 na taa katika kila dirisha.

Sasa nitoe rai yangu. Riwaya hii ni nzuri, walakini ina hatari moja. Absalom amechorwa mwovu kiasi kwamba msomaji aweza kufunga kitabu akisema, "Kumbe ni yule mgeni." Hasha! Mgeni alileta karatasi ya sheria. Majina aliletewa na majirani. Mwandishi mwenyewe anatuonyesha, tukisoma kwa makini, jinsi wanawake waliolia pamoja msibani walivyokuja kuchongeana: huyu avaa suruali, yule hahudhurii kanisani, fulani ana urafiki na Wasami na ngoma zao. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozamisha mashua. Lakini msiba mkubwa hutafuta mwenyewe, na mnyonge ndiye aliye karibu.

Tusiwacheke Wanorway. Hapa hapa Kilifi wazee wetu wameuawa kwa shoka na panga kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma mna shamba linalogombewa. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kutafuta himaya mbali na watoto waliowazaa wenyewe. Mvi zilizokuwa heshima zimekuwa ushahidi wa mashtaka. Na kule Kisii, mwezi wa Mei mwaka 2008, watu kumi na mmoja walichomwa moto kwa tuhuma hizo hizo, wengi wao wanawake.

Najua kuna atakayeniuliza: je, wewe wakanusha sihiri, nayo imetajwa katika Qurani? Sikanushi. Ila nauliza tumefundishwa nini juu yake. Suratul Falaq inatuelekeza tukimbilie kwa Mwenyezi Mungu. Haikututuma mlangoni kwa bibi kizee. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifanyiwa sihiri, na aliyeifanya alikuwa mwanamume, Labid bin Aasam. Alipoponywa na Mola wake na kumjua mtu huyo, hakulipiza kisasi. Alichukia kuamsha shari baina ya watu, akaamuru kisima kilichotiwa sihiri ile kifukiwe.

Ikiwa yeye aliyejulishwa kwa wahyi alijizuia, seuze sisi tunaojulishwa na porojo za barazani? Wanavyuoni wametofautiana katika hukumu ya mchawi, lakini hukumu yoyote ni ya kadhi na ushahidi, si ya vijana wenye tochi usiku. Hata Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, yamhesabu mkosaji yule amtuhumuye mwenziwe uchawi nje ya njia ya kushtaki kwa wakuu.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi huitumia kuthibitisha uvumi. Mimi baada ya kisa cha Vardø naisoma vingine: lile lisilokuwapo huja kwa sababu tumelisema. Neno "mchawi" halihitaji mafundo wala kamba. Lahitaji mdomo mmoja na masikio mawili.

Watunzi wetu wa riwaya wanayo bahari, wanayo tufani, wanao wajane na wazee waliokimbia makwao. Naitufikie siku tutakaposoma kisa hiki kwa Kiswahili, na jina la kwanza kutajwa ndani yake liwe la jirani aliyeanza kunong'ona.