Gari chongo

Juzi usiku natoka zangu chumba cha habari, nusura niue mtu. Taa ya kulia ya mkweche wangu wa mwaka 1993 ilikuwa hafifu kama kibatari. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakuja mbele yangu akaiona ya kushoto tu, akadhani ni pikipiki mwenzake, akajisogeza katikati ya barabara. Tulikoswakoswa.

Wadau, kinachoniuma ni kwamba nilijua. Taa hiyo niliipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza akabadilisha balbu. Wa pili akabadilisha swichi. Wa tatu akaweka fyuzi kubwa zaidi. Wote niliwalipa, hakuna aliyepima.

Jana mzee mmoja mtaani kwetu alichukua kipande cha waya, akaunganisha hasi ya balbu moja kwa moja na hasi ya betri. Taa ikawaka pwaa! Kumbe ugonjwa ulikuwa ethi: pale waya unapofungwa kwenye bodi pameshika kutu. Msasa, kaza bolti, paka grisi juu yake. Basi.

Umeme ukienda lazima urudi. Balbu ya volti 12 ikipoteza volti moja na nusu kwenye kutu, mwanga unapungua kwa theluthi hivi, na balbu yenyewe nzima kabisa. Ukiwasha indiketa ukaona taa nyingine zinacheza, shuku ethi kabla hujatoa pochi.

Ile fyuzi kubwa nayo tuliitoa. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya usiungue. Ukiweka isiyokatika, kitakachoungua ni gari.

Sisi tuliosoma hodari kuwalaumu mafundi wa chini ya mwembe. Lakini fundi hakuniambia niendeshe gari chongo usiku wiki tatu nikisubiri mshahara. Mchana naandika habari za ajali, nalaumu mwendo kasi wa wenzangu. Usiku mimi mwenyewe ni ajali inayotembea.

Kwa hiyo, kabla hujalipia kifaa kingine, muulize fundi wako: umepima? Na leo jioni, kabla hujaingia barabarani, simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa, shuka uangalie. Ikiwa moja haiwaki sawasawa, panda daladala.