Anga jeupe, ndege inarushwa: Kwa nini upepo wa Ngorongoro hauonekani mapema?

Unapanda ndege ndogo Arusha, unakwenda Manyara kisha Seronera. Juu ya Ngorongoro hakuna hata wingu. Ghafla ndege inashuka, tumbo linabaki juu. Huo ni mtikisiko wa anga safi, na rada ya ndege haiuoni kwa sababu inatafuta matone ya mvua. Upepo mkavu hauna matone.

Chanzo kikubwa hapa ni milima. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, lakini kingo za kreta zinapita mita 2,200. Upepo wa mashariki ukigonga ukuta huo unapanda, ukivuka unaporomoka na kujikunja kama maji ya mto yakipita juu ya jiwe.

Dawa inajulikana: puto la hali ya hewa. Hubeba kifaa kinachopima joto, unyevu na upepo hadi kilomita 30 hivi kwenda juu. Kasi ya upepo ikibadilika sana ndani ya tabaka jembamba la hewa, mtaalamu anajua hapo kuna hatari.

Sasa tatizo ni umbali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka vituo vya puto visipishane zaidi ya kilomita 500, vikipima mara mbili kwa siku. Kituo cha Dar es Salaam kiko takriban kilomita 550 kutoka Karatu. Cha Dagoretti, Nairobi, kiko karibu zaidi, kama kilomita 250, ila nacho hakipimi upepo unaovuka kreta. Kompyuta hujaza pengo kwa hesabu, lakini modeli za dunia nzima hulainisha kingo kali kama hizi.

Novemba 15, 2017 ndege ndogo ilianguka eneo la Empakaai, watu 11 wakafariki. Hatusemi ni mtikisiko. Tunasema milima hii haimpi rubani nafasi kubwa ya kujirekebisha.

Puto jipya ni gharama. Hatua ya haraka ni marubani wenyewe: kila anayetikiswa ataje saa, mahali na kimo, na taarifa imfikie mtabiri wa TMA pamoja na rubani anayefuata.

Na wewe abiria? Anga likiwa jeupe, mkanda usiufungue.