Maabara Zetu Zipimwe Hata kwa Lugha

Si kawaida kwa mwanaisimu kujitosa katika mjadala kuhusu maabara za hospitali, na yamkini wenzangu wa sayansi wataniuliza nani kanituma. Sikutumwa na mtu. Nimesukumwa na yaliyomfika shangazi yangu.

Shangazi alikuwa amekohoa kwa zaidi ya mwezi mmoja nilipompeleka katika hospitali moja ya umma. Kijana wa maabara, mwenye adabu lakini mwenye haraka pia, alimkabidhi kikopo chenye kifuniko akamwambia, "Mama, kesho asubuhi utuletee sputam." Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama waitikiavyo wazee wasiopenda kuonekana hawajui. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, amesema nilete nini?" Nami, mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikamjibu bila kufikiri, "Mate, shangazi." Akapeleka mate. Majibu yakatoka kwamba hana kifua kikuu.

Wiki sita baadaye, akiwa amekonda, tulikwenda katika kituo kingine. Huko muuguzi alimketisha akamweleza kwamba kinachotakikana si mate ya kinywani bali ni makohozi yatokayo ndani ya kifua: avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kwa nguvu. Safari hii viini vya kifua kikuu vilionekana.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma jinsi ubora wa maabara unavyopimwa, na nimegundua kwamba walimu wana njia nyepesi ya kuuelewa mfumo huo. Kuna mtihani wa ndani: kila siku, kabla ya kupima damu za wagonjwa, mtaalamu huipima sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Jibu likienda kombo, kazi husimamishwa hadi kosa lipatikane. Kisha kuna mtihani wa nje, ulio mfano wa ile mitihani yetu ya kitaifa. Sampuli zisizojulikana majibu hutumwa kwa maabara nyingi kwa pamoja, na majibu hulinganishwa. Waliovuma kwa kulianzisha jambo hili ni Belk na Sunderman wa Marekani, ambao mwaka 1947 walichapisha matokeo ya maabara za Pennsylvania zilizopewa sampuli za namna moja. Majibu yalitofautiana kiasi cha kutia haya. (Na kama ilivyo shuleni, kishawishi kipo: sampuli ya mtihani hupewa mtaalamu hodari kuliko wote naye huirudia mara tatu, hali ile ya mgonjwa wa kawaida hupimwa mara moja tu.)

Juu ya mitihani hiyo kuna ukaguzi wa maabara nzima. Mwaka 2009 mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika, lilizindua mpango wa kuziinua maabara hatua kwa hatua kwa kuzipa nyota. Inayopata chini ya asilimia 55 haipati nyota hata moja. Inayofikia asilimia 95 hupata tano. Lengo ni kuzifikisha kwenye ithibati ya kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 15189, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na kurekebishwa karibuni zaidi mwaka 2022. Mpango huu nausifu. Umewafunza wataalamu wetu kuandika wanachokifanya na kufanya walichokiandika.

Lakini hebu tukitazame kiwango chenyewe. Toleo lake la mwaka 2012 liliagiza kwamba taratibu za upimaji ziandikwe kwa lugha inayoeleweka na wafanyakazi wa maabara. Agizo hilo ni la busara. Swali langu ni hili: mfanyakazi wa kwanza wa maabara ni nani? Kwa kipimo cha makohozi, ni mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye anayeichukua sampuli, tena peke yake, pasipo msimamizi. Akikosea hapo, hata ile mashine ya GeneXpert inayosaka chembe za urithi za kiini haiwezi kukiona kisichokuwemo kikoponi. Wataalamu wenyewe hukiri kwamba makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika mezani pa kupimia.

Wala si dhana yangu tu. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Rawalpindi, nchini Pakistan, kwa wagonjwa zaidi ya 3,000. Nusu yao walielezwa vyema jinsi ya kutoa makohozi. Wengine waliachwa kama ilivyokuwa desturi. Miongoni mwa wanawake walioelezwa, waliopatikana na viini walikuwa kiasi cha 13 katika kila mia. Wasioelezwa, kiasi cha 8. Hapakununuliwa hadubini mpya. Yaliongezwa maelezo tu.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Istilahi zipi? Kifua, pumzi, kohoa, kikopo, kifuniko. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ila katika madirisha mengi ya maabara maelezo yaliyobandikwa ni ya Kiingereza. Hata lawama hii isiwaangukie vijana wa maabara peke yao. Wamefunzwa kwa Kiingereza, na sisi wa idara za Kiswahili tumekuwa tukibishana juu ya ngeli bila kuwauliza wanahitaji maneno gani.

Napendekeza wakaguzi waongeze jambo moja: wamsimamishe mgonjwa mlangoni wamwombe aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, aliloagizwa kufanya. Asipoweza, maabara ipunguziwe alama. Nao wanafunzi wetu wa isimu waandike maelezo hayo pamoja na wenzao wanaosomea kazi ya maabara, wala wasingoje kamati.

Mimi nimeanza na karatasi ya makohozi. Ina sentensi sita. Nilimsomea shangazi, ambaye amekwisha maliza miezi yake sita ya dawa, naye akanikosoa mara moja. "Umesahau kuwaambia waende kando," alisema. "Mimi siku ile hata kama ningejua ni makohozi, nisingekohoa vile mbele ya foleni ya wanaume." Sasa zimekuwa sentensi saba.