MAIKI INAPOMEZA NENO



Wahenga walituusia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na wengi wetu huutumia usemi huo tunapowaonya vijana wachunge ndimi zao. Juma hili napenda kuzungumzia neno ambalo halikumwagika hata kidogo. Lilitamkwa vyema, na mtu mzima mwenye akili timamu. Lakini lilipomfikia msikilizaji lilikuwa limepungukiwa silabi moja, na upungufu huo nusura umtoe mtu roho. Aliyeimeza silabi hiyo ni maikrofoni ya kompyuta, au maiki kama tunavyoiita sote, na kompyuta yenyewe ilikuwa yangu.

Naishi Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, mahali ambapo ukitoka kizingitini asubuhi jambo la kwanza kuonekana ni Ziwa Mweru. Lugha ya wenyeji ni Kibemba, lakini sokoni Kashikishi, na katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, Kiswahili husikika kila siku. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo ambaye watoto wangu humwita bibi, ana mdogo wake wa kiume katika mji wa Kilwa. Msomaji wa pwani asidhani ni Kilwa Kisiwani, wala si kile kisiwa cha Kilwa kilicho humu humu ziwani upande wa Zambia. Huu ni mji wa ng'ambo, katika ardhi ya Kongo.

Mama huyo alikuwa avuke kwa mashua siku ya Alhamisi pamoja na wajukuu wawili. Jumanne jioni mjukuu mdogo akashikwa na homa, na safari ikabidi iahirishwe. Kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu, alikuja kwangu, nami nikaifungua kompyuta yangu ya mpakato ili azungumze na ndugu yake. Yule bwana akauliza, "Yaya, mambo ya Alhamisi namna gani?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa upole, "Hatusafiri Alhamisi." Ng'ambo wakajibu, "Vema, tunawangoja." Kabla mama hajaeleza habari ya homa, mtandao ukakatika na haukurudi usiku ule. Sisi tuliona ujumbe umefika, tukalala.

Siku ya Alhamisi upepo ulivuma tangu alfajiri. Watu wa Kilwa walisimama ufukweni hadi jua likazama. Mashua zilizofika ziliulizwa, na manahodha wakasema hawakuwaona mama na watoto. Walijaribu kumpigia mama, wakapata kimya cha simu mbovu. Usiku ule, katika ua ule, wanawake walianza kulia msiba usiokuwapo. Ijumaa kulipopambazuka yule ndugu alikodi mashua ya mashine, akaingia ziwani huku mawimbi yakiwa bado makubwa, akipita akiulizia kila kambi ya wavuvi. Alifika pwani yetu saa sita mchana. Alimkuta dada yake akianika chisense.

Aliketi mchangani kwa muda mrefu bila kusema neno. Hakumlaumu mtu. Hatimaye alinigeukia akaniuliza, "Kaka, kwani hamkusema tusafiri?"

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Nilirudi nyumbani, nikaifungua ile kompyuta, nikaacha pakae kimya kwa nusu dakika, kisha nikajirekodi nikisema yale maneno ya mama. Niliposikiliza, kompyuta ilinijibu kwa sauti safi kabisa: "Tusafiri Alhamisi."

Lugha yetu, ndugu msomaji, huweka ukanusho mwanzoni mwa neno. Katika vitenzi kama kusafiri, kurudi na kukubali, ukiiondoa "ha" unabaki na neno kamili lenye maana iliyo kinyume: hatusafiri huwa tusafiri, haturudi huwa turudi, hatukubali huwa tukubali. Na sauti ya "h" ni pumzi tupu, dhaifu kuliko sauti nyingine nyingi tunazotamka.

Kosa liko upande gani?

Kanuni ya kwanza ni kwamba usiulaumu mtandao kabla hujajisikiliza mwenyewe. Fungua programu ya kurekodi iliyomo katika kompyuta, sema sentensi mbili tatu, nyamaza kidogo, sema tena, kisha sikiliza. Ikiwa sauti yako imetoka vizuri, maiki ni nzima, na kosa liko katika mtandao au katika programu ya kupigia simu. Ikiwa imetoka mbaya, au haikutoka, kosa liko kwako na mtandao hauhusiki. Jaribio hili la dakika moja hupunguza kazi yote kwa nusu.

Ikiwa hakuna sauti kabisa, anza na mambo mepesi. Nyaya nyingi za visikizio zina kitufe kidogo cha kuzima maiki, na kompyuta nyingi za mpakato zina kitufe cha namna hiyo kwenye kibodi. Mtoto hukigusa bila kujua. Kisha ingia katika mipangilio ya kompyuta, sehemu ya sauti, utazame ni maiki ipi iliyochaguliwa. Kompyuta inaweza kuwa na maiki ya ndani, ya waya na ya kamera kwa wakati mmoja, nawe ukawa unazungumza kwenye hii ilhali yenyewe inasikiliza ile. Igonge maiki kwa ukucha, taratibu. Ile iliyochaguliwa itaonyesha mstari ukipanda na kushuka. Tazama pia sehemu ya faragha, maana huko ndiko programu zinakoruhusiwa au kukatazwa kutumia maiki.

Tundu na pini

Kompyuta za mezani huwa na tundu mbalimbali za sauti: la waridi ni la maiki, la kijani ni la visikizio au spika. Aliyechomeka maiki katika la kijani atapiga kelele mpaka kesho. Kompyuta nyingi za mpakato za sasa zina tundu moja tu kwa kazi zote mbili. Hapo itazame pini yenyewe. Yenye mikanda mitatu ina sehemu nne za chuma, nayo hubeba masikio mawili na maiki. Yenye mikanda miwili hubeba sauti ya masikio tu. Hata kama umeinunua kwa bei kubwa, hutasikika. Mwenye maiki ya zamani yenye pini yake ya peke yake anunue kiunganishi kidogo chenye matundu mawili, ambacho mafundi wengi wa simu wanacho.

Kuna pia wanaochukua maiki kubwa ya kwaya wakaichomeka katika kompyuta, wakashangaa sauti inakuja kama ya mtu aliye kisimani. Maiki ndogo za kompyuta kwa miongo mingi zimekuwa za aina ya elektreti, waliyoibuni James West na Gerhard Sessler katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1962. Ndani yake mna utando mwembamba unaohifadhi chaji ya umeme ya kudumu, pamoja na kikuzaji kidogo kinacholishwa umeme na lile tundu la kompyuta. Maiki nyingi za kwaya hazina kikuzaji hicho. Hutoa umeme mdogo mno, nazo huhitaji kupitia kwanza katika mashine ya kukuza sauti.

Mvumo na mwangwi

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, kama nyuki walio ndani ya mtungi, chomoa chaja na uitumie kompyuta kwa betri yake yenyewe. Mvumo ukitoweka, chanzo ni umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde na kupenya pale ambapo waya wa ardhini haupo au haushiki. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na umeme nchini Zambia ukawa wa mgawo, wenye uwezo walitafuta umeme wa jua. Baadhi ya vigeuza umeme vya bei nafuu hutoa umeme mkwaruzo, nao husikika katika maiki. Dawa ni ile ile: jaza betri kwanza, kisha zungumza chaja ikiwa nje.

Mwangwi ni jambo jingine. Mwenzako akisema anasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, basi sauti yake inatoka katika spika yako na kuingia tena katika maiki yako. Punguza spika, au vaa visikizio. Mara nyingi tatizo huisha papo hapo.

Upepo, bati na vumbi

Sisi wa kandokando ya Mweru tuna adui zetu. Katika miezi ya kiangazi upepo huvuma kutoka kusini mashariki, na ukiipiga maiki husikika kama turubai linalopasuka. Zungumzia ndani, au uivike maiki kifuniko cha sifongo. Iweke umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya kinywa ili pumzi isiigonge moja kwa moja. Mvua ikipiga bati, hakuna ufundi utakaokusaidia, ngoja ipite. Vumbi likiziba kitundu cha maiki, lipanguse kwa brashi laini na kavu. Usichokoe kwa sindano, maana utautoboa utando.

Upepo huo huo ndio ulionitia katika kosa. Mimi mwenyewe, miezi michache kabla, nilikuwa nimekipandisha hadi mwisho kile kichujio cha kelele kilichomo katika mipangilio ya sauti. Kichujio hufanya kazi kama bawabu: mahali pakiwa kimya hufunga mlango, na akisikia sauti ya mtu hufungua. Bawabu aliyezidi ukali huchelewa kufungua, na chembe ya sekunde anayochelewa ndiyo silabi ya kwanza. Mama alikuwa amenyamaza kabla ya kujibu, hivyo mlango ulikuwa umefungwa. Zaidi ya hayo, alikaa umbali wa mkono mzima, na kompyuta ilikuwa imechagua maiki ya ndani badala ya ile ya waya. Pumzi ya "ha" haikuwa na nguvu ya kubisha hodi.

Nilifanya mambo manne. Nilichagua maiki ya waya, nikaisogeza karibu na kinywa, nikapandisha kiwango cha sauti inayoingia hadi kama robo tatu, na nikakishusha kichujio mpaka daraja la chini. Kisha nikajirekodi tena, baada ya kimya cha nusu dakika. "Hatusafiri" ikatoka nzima. Tangu siku hiyo hilo ndilo neno langu la kujaribia maiki. "Moja, mbili, tatu" hazitoshi, kwa sababu zinaweza kukatwa mwanzo na bado zikaeleweka.

Pokea, kisha rudia

Wasomaji wetu walio jeshini na polisi watakuwa wanatabasamu, kwa maana jambo hili wamefundishwa. Anayetumia redio ya mkononi akisema papo hapo anapobonyeza kitufe, silabi ya kwanza hupotea. Kwa hiyo hufundishwa kubonyeza, kungoja kidogo, ndipo aseme. Na anayepokea ujumbe wenye uzito huurudia mpaka aliyeutuma athibitishe. Nidhamu hiyo ya kazini tuilete nyumbani. Mkeo akiwa Kashikishi nawe uko kituoni mbali, au mama yako akiwa ng'ambo ya ziwa, habari za safari, za ugonjwa na za fedha zinastahili kurudiwa kama amri ya kikosi.

Kama yule ndugu angelijibu, "Kwa hiyo mnasafiri Alhamisi?" badala ya "Vema", mama angelisema "hapana", na jambo lingekwisha. Nami nisijitoe lawamani: mimi ndiye niliyekuwa na ufundi kidogo katika chumba kile, na mimi ndiye niliyeridhika kwamba ujumbe umefika kwa sababu tu kompyuta ilikuwa imewaka taa.

Mjukuu alipona. Majuma mawili baadaye mama alikuja tena kuzungumza na mdogo wake juu ya siku mpya ya kuvuka. Nilimvalisha visikizio, nikaisogeza maiki. Alinyamaza kidogo kama ilivyo desturi yake, kisha akasema: "Tunasafiri Jumamosi. Haya, sema wewe ulivyosikia." Ng'ambo ikarudia, neno kwa neno. Ndipo akavua visikizio, akaenda kufunga mizigo.