Tulisoma Mswada wa Fedha, mbona hesabu za chama chetu hatuzisomi?

Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Kuna walioufafanua TikTok kwa Sheng, kuna waliotumia lugha za nyumbani, hadi mama mboga akajua mkate ulikuwa unalengwa. Mwishowe Rais akakataa kuutia saini.

Sasa nikuulize. Sacco yako, au chama cha wakazi wa pale unapoishi, kilitumia pesa ngapi mwaka jana?

Hata mimi sikuwa najua. Kwa miaka miwili nimelipa Sh800 kila mwezi kwa chama cha wakazi wa mtaa wetu: mabawabu, taka, taa za barabarani. Mkutano mkuu wa mwaka nilikuwa naukwepa kwa sababu huwa Jumapili alasiri, na Jumapili kuna mpira. Mwaka huu nilienda. Mweka hazina alisimama akasoma tarakimu mbio kama makanga anayetaja vituo. Mwenyekiti akauliza, "Nani anaunga mkono?" Mikono ikapanda, soda zikaletwa. Niliposimama kuuliza taa mpya zilinunuliwa kwa nani na kwa nini bei ile, mzee mmoja wa kamati akanigeukia: "Kijana, wewe umehamia hapa lini?"

Watu wakacheka. Nikakaa. Baadaye jirani akaninong'oneza kwamba duka lililouza taa ni la shemeji ya mwenyekiti. Pengine bei ilikuwa nzuri. Lakini hakuna aliyetuambia mapema, na mwenyekiti ndiye aliyeongoza kikao kilichopitisha ununuzi huo.

Sisemi viongozi wetu ni wezi. Wengi wanajitolea bila malipo, na bomba likipasuka usiku ni wao wanaopigiwa simu. Ila kamati isiyoulizwa chochote huanza kujiona ndiyo chama. Na si mitaani tu. Angalia KUSCCO, muungano wa sacco nchini: mapema 2025 ukaguzi maalumu ulianika ubadhirifu wa zaidi ya Sh13 bilioni. Hao walikuwa na bodi na ofisi kubwa.

Ukiniuliza tuanzie wapi, sitakwambia tuwang'oe wazee tuweke vijana. Nimeona vikundi vya vijana ambavyo mwenyekiti ni yule yule tangu siku ya kwanza, na pesa zote ziko kwa simu yake. Mimi ningeanza na jambo dogo: hesabu ziwafikie wanachama wiki nzima kabla ya mkutano, pamoja na taarifa ya benki. Ukipewa karatasi mlangoni, utaona jumla peke yake. Ukikaa nayo siku 7, utagundua kwamba kampuni ya taka ililipwa mara 14 katika mwaka wenye miezi 12. Hapo swali lako lina mguu wa kusimamia, na hakuna wa kukuuliza ulihamia lini.

La pili: mwanakamati ambaye jamaa yake anauzia chama kitu aseme hivyo mbele ya wenzake, atoke nje wanapoamua, na kumbukumbu za kikao zionyeshe alitoka. Muhula wa uongozi uwe na kikomo pia, lakini hilo karibu kila katiba ya chama inalo tayari. Huwa tu halifuatwi.

Na usidhani unaomba hisani. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka chama kilichosajiliwa kiitishe mkutano wa wanachama wote angalau mara moja kwa mwaka na hesabu zitolewe pale. Vitabu vya hesabu mwanachama ana haki ya kuvikagua. Itisha nakala ya katiba ya chama chako uone utaratibu. Kama katibu hajui iko wapi, basi umeshapata swali lako la kwanza.

Wiki iliyopita tuliandika barua, wapangaji 9, kuomba vitabu vya mwaka huu. Tuliipeleka kwa mkono na nakala tukaiweka kwa kikundi cha WhatsApp, ili kila mtu aione. Mzee yule wa "umehamia lini" alikuwa wa kwanza kujibu. Aliuliza kama anaweza kutia saini pia.